Kamba za pori zinazofunika miti: jinsi ya kuzitambua, kuzikata na kuzizuia zisirudi

Makala haya ni kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji wanaoishi kambini Kinama, Gasorwe, na kwenye vilima vingine vya Muyinga, ambako miti ya kivuli, ya matunda au ya kuni imeanza kufunikwa na mimea tambazi. Yanaeleza namna mimea hii inavyoua mti, namna ya kuikata bila kuumia, na sababu inayofanya kazi ya siku moja isitoshe. Kazi yote inaweza kufanywa kwa panga, jembe na subira. Huhitaji dawa wala mashine.

Kwa ufupi

- Usivute kamba iliyopanda mtini. Ikate chini, kisha uiache ikauke hukohuko juu.
- Ukikata bila kurudi, mmea utachipua tena. Panga kurudi angalau mara nne katika mwaka wa kwanza.
- Nyuzi za njano zisizo na majani hazikatwi kama kamba nyingine. Hizo huondolewa pamoja na tawi zilizolishika.
- Palipobaki wazi baada ya kukata, panda mti au zao. Mwanga mwingi ndio unaoziita kamba zirudi.
- Kila mti una mwenyewe. Omba ruhusa kabla ya kupeleka panga kwenye mti usio wako.

Kwa nini jambo hili ni kubwa Muyinga

Muyinga, ambayo tangu mwaka 2025 ni sehemu ya mkoa mpya wa Buhumuza, ni nchi ya vilima vilivyolimwa karibu hadi kileleni. Misitu iliyobaki ni michache: mashamba ya mikaratusi, mistari ya grevilea pembeni mwa mashamba, miti ya matunda karibu na nyumba, na upande wa kusini Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu. Familia za kambini na familia za vilimani zote zinapika, zote zinahitaji kuni na nguzo, na zote zinategemea udongo uleule usisombwe na mvua.

Kwa hiyo mti unaokauka kwa sababu ya kamba ni hasara ya pande zote mbili. Mwenye shamba anapoteza mti alioutunza miaka kumi. Mama wa kambini analazimika kwenda mbali zaidi kutafuta kuni, na huko mbali ndiko ugomvi na hatari zinakotokea. Mti uliolemewa na kamba huanguka upesi wakati wa mvua ya upepo, na ukiwa karibu na nyumba au njia ya watoto wa shule, unaweza kuua.

Jinsi mmea tambazi unavyoua mti

Mmea tambazi hautumii nguvu yake kujenga shina nene. Unaegemea mti uliokwisha kusimama, na nguvu zote unaziweka kwenye urefu na majani. Ndiyo maana unakua upesi kuliko mti wowote. Madhara yake huja kwa njia nne.

Ya kwanza ni kiza. Majani ya kamba hutandaza blanketi juu ya majani ya mti. Mti hutengeneza chakula chake kwa mwanga, kwa hiyo ukikosa mwanga unakufa njaa taratibu.

Ya pili ni uzito. Baada ya mvua blanketi lile hulowa na kuwa zito, matawi yakavunjika.

Ya tatu ni kunyongwa. Kamba zinazojizungusha kwenye shina changa hulibana kadiri mti unavyonenepa. Mti mdogo hupinda au kukatika.

Ya nne ni kugombania maji na mbolea ardhini. Mizizi ya kamba na ya mti iko kwenye udongo mmoja, na wakati wa kiangazi maji hayatoshi wote wawili.

Mti mkubwa wenye afya unaweza kuvumilia kamba chache maisha yake yote. Walio hatarini zaidi ni miche na miti michanga, miti iliyo peke yake kwenye uwazi, na miti ya pembeni mwa njia na mashamba, kwa sababu huko mwanga ni mwingi.

Funzo kutoka Kahuzi-Biega

Wengi wa wakimbizi walioko Burundi wametoka mashariki mwa Kongo, na baadhi yao wanaijua Hifadhi ya Kahuzi-Biega, magharibi mwa Bukavu. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1970, ikaingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1980, na tangu 1997 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Huko ndiko kamba ya pori ilikofanya madhara yanayojulikana sana katika ukanda wetu.

Mmea wenyewe unaitwa kisayansi Sericostachys scandens. Ni wa ukoo mmoja na mchicha, lakini hupanda hadi vilele vya miti ya mlimani na kuifunika. Jina lake la kwanza linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya suke la hariri, kwa sababu ukichanua hutoa mashada meupe yenye manyoya laini. Manyoya hayo hubebwa na upepo pamoja na mbegu. Mtafiti wa Bukavu, Céphas Masumbuko Ndabaga, alifanya utafiti wake wa udaktari juu ya mmea huu na namna ulivyovamia misitu ya mlimani ya hifadhi hiyo.

Jambo la kushangaza ni kwamba Sericostachys si mgeni. Ni mmea wa asili wa milima hii, na umo pia katika msitu wa Nyungwe nchini Rwanda. Kwa karne nyingi uliishi na miti bila kuimaliza. Kilichobadilika ni msitu wenyewe. Miti ilikatwa, moto ukapita, vita vikaleta watu na silaha porini, na tembo wa sehemu ya mlimani, wanyama waliokuwa wakila na kukanyaga mimea ya namna hii, wakauawa karibu wote. Mwanga ukaingia mahali palipokuwa na kiza, na mmea upendao mwanga ukachukua nafasi. Ukishatandaza blanketi lake, miche ya miti iliyo chini haioti tena, na uwazi unabaki uwazi.

Kwa mtu wa Muyinga funzo ni hili: kamba ni matokeo ya uwazi kabla ya kuwa chanzo cha uharibifu. Anayekata kamba tu na kuacha uwazi anaiandalia nafasi ya kurudi. Anayekata kamba na kurudisha kivuli ndiye anayeshinda.

Kwamba kazi hii ina faida, hilo limethibitishwa. Mwaka 2022 watafiti waliokusanya matokeo ya majaribio mbalimbali ya nchi za joto walichapisha hitimisho kwamba kuondoa mimea tambazi katika misitu iliyoharibiwa kunaongeza ukuaji wa miti zaidi ya mara mbili.

Kwanza tambua unachokiona

Kabla ya kukata, fuata kamba kwa macho kutoka juu hadi chini na ujiulize: mzizi wake uko wapi? Jibu litakuweka kwenye mojawapo ya makundi haya manne.

Kundi la 1: kamba zenye majani ya kijani na mzizi ardhini. Hizi ndizo nyingi. Baadhi hujizungusha kwenye shina, nyingine hushika kwa vikono vidogo kama vya karakara au boga. Shina la kamba ya zamani linaweza kuwa gumu kama mti.

Kundi la 2: kamba zenye miiba. Mmoja unaojulikana Afrika Mashariki ni Caesalpinia decapetala, uliotoka Asia na kupandwa kama ua. Una miiba iliyopinda kama ndoano, maua ya njano na maganda yenye mbegu ngumu. Ukiachwa bila kupogolewa huondoka kwenye ua na kupanda miti ya jirani. Lantana nayo hupanda juu ya vichaka na miti midogo.

Kundi la 3: nyuzi za njano au za rangi ya chungwa zisizo na majani. Huu ni mmea wa jamii ya Cuscuta, na ni kimelea. Hauna mzizi ardhini ukishakua. Hupenyeza vinyonyo kwenye tawi na kunywa maji na chakula cha mti. Nchini Kenya aina kubwa ya nyuzi hizi imefunika nyua na miti mijini na vijijini, na watafiti wameonya kuwa ni tishio kwa mazao ya miti kama kahawa, chai na maembe. Muyinga ni nchi ya kahawa, kwa hiyo ukiona nyuzi za namna hii toa taarifa siku hiyohiyo.

Kundi la 4: mimea tambazi yenye faida. Karakara, viazi vikuu, maharagwe ya kupanda, na kamba ambazo wenyeji huzitumia kama dawa au za kufungia. Hizi zina wenyewe. Zielekeze kwenye fito au uzipunguze, usizing'oe bila kuuliza.

Katika msitu wa asili kama Ruvubu usikate kamba yoyote. Huko kamba ni sehemu ya msitu, hulisha ndege, nyani na nyuki. Kazi ndani ya hifadhi ni ya OBPE, ofisi ya Burundi ya kulinda mazingira.

Wakati gani wa kukata

Wakati mzuri kwa kamba za kundi la 1 na la 2 ni kiangazi kirefu, mwezi wa Juni hadi Agosti. Mmea hauna maji ya kuchipua upesi, na vipande vinavyoanguka chini hukauka badala ya kuota mizizi. Mvua za Septemba zikianza, udongo unalainika, na hapo ndipo pa kuchimba vichwa vya mizizi vilivyobaki.

Kuna sharti moja lililo juu ya mengine: kata kabla mbegu hazijakomaa. Ukiona kamba imechanua, usisubiri kiangazi. Nyuzi za njano nazo hazisubiri msimu wowote.

Hatua kwa hatua: kamba zenye mzizi ardhini

1. Chagua pa kuanzia. Usianze pale palipofunikwa kabisa, hata kama ndipo panapoumiza macho. Anza na miti ambayo kamba bado ni chache, kwa sababu hiyo itaokolewa kwa kazi ndogo. Tanguliza miti ya matunda, miti iliyo juu ya chemchemi, na miti iliyoshika udongo kwenye mteremko. Kisha songa kuelekea palipozidi.

2. Angalia juu. Kuna tawi lililovunjika na kuning'inia kwenye kamba? Kuna mzinga wa nyuki? Kuna nyoka? Usifanye kazi chini ya tawi lililokufa.

3. Kata mara mbili. Kata kila kamba usawa wa goti, kisha kata tena usawa wa kifua, na uondoe kipande cha katikati. Pengo hilo huzuia sehemu ya juu kugusa ya chini na kuunganika, na linakuonyesha kwa mbali kama kuna kamba uliyoisahau. Zunguka mti mzima. Kamba moja iliyoachwa inatosha kuliweka hai blanketi lote.

4. Usijeruhi gome la mti. Pale kamba ilipong'ang'ania shina, ikunjue kwa mkono au tumia kisu kidogo badala ya panga.

5. Acha ya juu ikauke. Majani yatanyauka baada ya siku chache na kamba itaoza na kuanguka vipande vipande kwa miezi. Ukiivuta ikiwa mbichi itashuka na matawi ya mti, na pengine itakuangukia wewe.

6. Chimba kichwa cha mzizi. Mahali ambapo shina linakutana na mzizi ndipo macho ya kuchipua yalipo. Chimba kwa jembe na ukitoe chote. Mzizi mwembamba uliobaki chini kwa kawaida si tatizo kubwa, kichwa ndicho tatizo.

7. Kunja zinazotambaa chini. Kamba nyingi huotesha mizizi kila pingili inapogusa udongo. Anzia ncha, uinue na kuikunja kuelekea kwenye shina kama mtu anayekunja mkeka. Ukiikatakata ikiwa chini, kila kipande kinaweza kuwa mmea mpya.

Nyuzi za njano

Kuzichambua nyuzi hizi kwenye tawi hakusaidii, kwa sababu vinyonyo vimebaki ndani ya gome na vitachipua. Kata tawi lenyewe, kiasi cha urefu wa mkono chini ya mahali nyuzi zinapoishia. Weka kila kitu kwenye mfuko au turubai hapohapo. Uzi mmoja ukiangukia mti mwingine unaweza kushika na kuanza upya. Kwa hiyo usikokote matawi hayo shambani, na mwisho wa kazi kagua nguo zako na panga lako.

Kama nyuzi zimefunika ua mzima, ni afadhali kuukata ua wote hadi chini kuliko kuchagua tawi moja moja. Mbegu za jamii hii zinaweza kukaa ardhini miaka mingi. Zinapoota zina siku chache tu za kutafuta mmea wa kushika, zisipoupata zinakufa. Ndiyo maana kupalilia chini ya miti iliyoathirika ni sehemu ya tiba.

Kamba zenye miiba

Vaa viatu vilivyofunika mguu, suruali ngumu na glavu za ngozi ukizipata. Tumia fito yenye ndoano kuvuta matawi mbali na uso, na ukate kuanzia nje kuingia ndani. Mtu mmoja akate, mwingine avute, na watoto wakae mbali. Kusanya maganda yenye mbegu kabla hayajapasuka. Mbegu za Caesalpinia zina ganda gumu na hukaa ardhini muda mrefu, kwa hiyo mahali hapo patahitaji kupaliliwa miaka kadhaa.

Kama mmea huo ni ua wa mtu, shida si ua bali ua usiopogolewa. Zungumza naye apogoe kila mwaka kabla ya maganda kukomaa.

Taka zake zinakwenda wapi

Kamba zilizokatwa ziweke juu ya mawe, kwenye chanja, au mahali pakavu palipo wazi hadi zikauke kabisa. Usizitupe mtoni, bondeni wala kando ya barabara, maji na magari yatazipeleka kwa jirani. Usizitie kwenye shimo la mbolea zikiwa mbichi.

Zenye mbegu, zenye miiba na nyuzi za njano ni afadhali kuchomwa zikishakauka, ndani ya shimo, siku isiyo na upepo, mbali na nyumba, na kwa idhini ya uongozi wa mahali. Turubai na nyasi za kambini hushika moto kwa dakika chache. Usichome kamba zikiwa bado mtini kwa hali yoyote. Utaua mti unaotaka kuuokoa na unaweza kuwasha kilima kizima.

Kwa nini lazima kurudi

Mzizi wa kamba ni ghala, kama muhogo. Umejaa chakula kilichowekwa na majani ya miaka iliyopita. Ukikata juu, mmea hutoa chakula ghalani ili kuotesha machipukizi. Machipukizi yakipata majani mapana huanza kulijaza tena ghala. Ukiyakata kabla ya kufika hapo, mmea umetumia bila kurudisha. Ukifanya hivyo mara kadhaa mfululizo, ghala linakwisha na mzizi unaoza. Ukikata mara moja na kurudi baada ya mwaka, umeupogoa tu.

Ratiba inayofaa kwa misimu ya Muyinga ni hii:

- Juni au Julai: kata mara mbili kila kamba, zunguka mti mzima.
- Septemba: mvua za kwanza, chimba vichwa vya mizizi na kata machipukizi.
- Oktoba hadi Desemba: pita kila mwezi, ng'oa machipukizi na miche kwa mkono. Panda miti.
- Februari hadi Mei: pita mara mbili au zaidi, hasa baada ya mvua kubwa.
- Juni: kagua miti yote uliyoanza nayo. Andika ipi imepona na ipi bado.

Mwaka wa pili kazi hupungua sana. Usiongeze eneo jipya mpaka eneo la kwanza limetulia. Miti kumi iliyookolewa ni bora kuliko mia iliyokatwa kamba mara moja na kusahauliwa.

Rudisha kivuli

Mara baada ya kukata, ardhi iliyokuwa gizani inapata jua na kila mbegu iliyolala inaamka. Usiiache tupu. Kwenye mashamba, panda maharagwe ya chini au viazi vitamu vya kufunika udongo, au migomba kama udongo unafaa. Pembeni mwa mashamba na kwenye miteremko, panda grevilea, kaliandra, au miti ya asili kama umusave. Kaliandra hukua haraka, hulisha mbuzi na hutoa kuni ndogo. Umusave hutoa nguzo nzuri. Mpango wa kitaifa wa kupanda miti ulioanza mwaka 2018, Ewe Burundi Urambaye, ulikuwa na lengo hilihili la kuvika vilima. Mche uliopandwa chini ya kamba bila kupaliliwa haumalizi mwaka.

Palilia mduara wa hatua moja kuzunguka kila mche hadi uupite urefu wako. Epuka kupanda kamba za kurutubisha udongo, kama mukuna, karibu na miche. Zina faida shambani, lakini nazo hupanda chochote kilicho karibu.

Wamarekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Mmea wa kudzu ulioonyeshwa kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876 kama pambo kutoka Japani ulisambazwa na serikali miaka ya 1930 ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Leo umefunika miti, nyumba na nguzo za umeme katika majimbo ya kusini. Mmea wowote wa kigeni unaosifiwa kwa kukua haraka, uulizie kwanza.

Ruhusa na usalama

Panga mkononi mwa mtu asiyejulikana, kwenye miti ya mtu mwingine, linaeleweka vibaya hata kama nia ni njema. Kabla ya kuanza:

- Ndani ya kambi, pitia kamati ya wakimbizi na uongozi wa kambi chini ya ONPRA, ofisi ya serikali inayohusika na wakimbizi na watu wasio na uraia.
- Nje ya kambi, nenda kwa mwenye shamba na kiongozi wa kilima. Mwombe monita wa kilimo aje aangalie mmea kabla ya kukata.
- Kubalianeni mapema matawi makavu yatakuwa ya nani. Jambo hili dogo ndilo huleta ugomvi mkubwa.
- Nendeni kwa kikundi, wakimbizi na wenyeji pamoja ikiwezekana. Wanawake na wasichana wasiende peke yao.
- Baadhi ya kamba zina utomvu mweupe unaochoma macho na ngozi. Usijipanguse uso wakati wa kazi, na nawa kwa maji mengi na sabuni ukimaliza.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Je, mbuzi wanaweza kusaidia?
Ndiyo, kwa kamba za chini zisizo na sumu. Mbuzi akila machipukizi kila yanapotokea, anafanya kazi ileile ya kumaliza ghala la mzizi. Mfunge kwa kamba fupi mbali na miche, kwa sababu hatofautishi kamba na mti wako. Kama huujui mmea, usimlishe.

Je, nimwagie chumvi, mafuta ya gari au dawa ya kuua magugu?
Hapana. Chumvi na mafuta huharibu udongo, na mafuta yanaweza kufika kwenye maji mnayochota. Dawa ya kuua magugu inaua pia mti na mazao, na inahitaji vifaa vya kujikinga ambavyo wengi hawana. Iachiwe mtaalamu, na chupa yake isitumiwe kamwe kuwekea maji au mafuta ya kula.

Mti wangu umefunikwa wote. Utapona?
Kwaruza gome la tawi kwa ukucha. Chini yake kukiwa kijani na unyevu, mti ungali hai. Kata kamba na uusubiri msimu mmoja wa mvua kabla ya kuamua kuuangusha. Kama matawi ni makavu yote na mti uko karibu na nyumba, usingoje uanguke wenyewe. Mwambie kiongozi wa kilima au uongozi wa kambi watafute watu wa kuushusha kwa usalama.

Kamba zilizokauka zinafaa kuwa kuni?
Nene zilizokauka vizuri, ndiyo, ukijua ni mmea gani. Zenye utomvu mweupe au usiozijua, usizipikie. Moshi wake unaweza kudhuru macho na kifua.

Jirani hakati za kwake. Nifanye nini?
Nenda kwake na umwonyeshe mahali kamba inapovuka. Jitolee kusaidia siku moja. Mbegu zinazopeperushwa na upepo hazijui mpaka wa shamba, kwa hiyo kukata upande mmoja tu ni kazi isiyoisha. Ikishindikana, mpelekee suala hilo kiongozi wa kilima kabla ya mvua za Septemba, sio baada yake.